Maswali na majibu: Gemu zinakula mabilioni, sisi wa Dar tunaingia wapi?

Likizo za shule zikikaribia, ujumbe ninaoletewa hubadilika. Wa vifurushi vya intaneti hupungua, wa gemu huongezeka. Safari hii karibu wote wameuliza jambo moja kwa midomo tofauti, nalo ni fedha: gemu hizi zinatengenezwa kwa gharama gani, nani analipa, na sisi tulioko Dar tunaguswa vipi. Maswali nimeyafupisha na majina nimeyaacha, maana waulizaji wawili wameniomba wake zao wasijue bei halisi ya PS5, ile mashine ya gemu ya PlayStation kutoka Sony.

Kaka, nasoma kwamba gemu moja siku hizi inafika dola milioni 300. Gemu haina saruji wala nondo. Fedha zote hizo zinakwenda wapi? (Mwanafunzi wa kompyuta, Kijitonyama)

Zinakwenda kwenye mishahara, mdogo wangu. Kuna kodi ya ofisi, kuna leseni za programu, kuna waigizaji wanaovalishwa nguo zenye vitambuzi ili miondoko yao inaswe na kamera. Lakini ukikusanya yote, sehemu kubwa ni watu kulipwa mwezi hadi mwezi. Kwa miaka mingi waandishi wa tasnia hii kule Marekani walikadiria dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwezi, ukijumlisha mshahara, bima na gharama za kumweka ofisini. Sasa piga hesabu. Studio ya watu 300 inakula dola milioni 3 kwa mwezi, milioni 36 kwa mwaka. Gemu kubwa leo huchukua miaka mitano hivi. Hapo umeshafika milioni 180 na tangazo hata moja hujalipia. Na katika miji kama Los Angeles, ile 10,000 imeshapitwa.

Kampuni hazipendi kuzitaja namba hizi. Nyingi tumezijua kwa bahati mbaya yao. Mwaka 2023, serikali ya Marekani ilipokuwa mahakamani ikiipinga Microsoft kuinunua Activision Blizzard, kampuni ya gemu za Call of Duty, Sony iliwasilisha hati ambazo siri zake zilifutwa kwa kalamu ya wino mweusi. Hati zikapigwa skani, na chini ya wino namba zikasomeka: The Last of Us Part II ilikula dola milioni 220, Horizon Forbidden West milioni 212. Mwishoni mwa mwaka huohuo wadukuzi wakaivamia studio ya Insomniac, na nyaraka zilizovuja zikaonyesha Marvel's Spider-Man 2 ilikuwa na bajeti ya takriban milioni 300. Kwa kulinganisha, Uwanja wa Benjamin Mkapa, ambao viti vyake umevikalia, uliripotiwa kugharimu dola milioni 56. Kisha ikaja hati nyingine ya mahakama: Call of Duty: Black Ops Cold War ya mwaka 2020 ilimeza zaidi ya dola milioni 700, ingawa hiyo ni pamoja na kuihudumia baada ya kuingia sokoni.

Haikuwa hivi zamani. Doom ya 1993 ilitengenezwa na watu wachache wanaoenea kwenye Hiace moja. Shenmue ya 1999 ilipofika dola milioni 47, dunia ilishika kichwa. Kilichobadilika ni kwamba televisheni zimekuwa na macho makali, na kila kinachoonekana lazima mtu akitengeneze. Chukua daladala inayopita nyuma ya mchezaji. Katika gemu ya miaka ya 90 ilikuwa boksi lenye rangi. Leo inataka kutu kwenye bodi, abiria waliokaa, konda aliyening'inia mlangoni, mlio wa injini unaobadilika ikikaribia na ikienda mbali, maji ya mvua yanayotiririka kwenye kioo. Mchezaji akiipiga risasi tairi? Mtu lazima aamue. Akisimama mbele yake? Mtu aamue tena. Halafu kuna kijana anayelipwa kuigonga daladala hiyo mamia ya mara ili aone kama itazama ardhini. Na hiyo ni daladala moja, ambayo wachezaji wengi hawataigeukia.

Sababu ya pili inatajwa kidogo, nami naiona kubwa zaidi: kubadili mawazo katikati ya kazi. Gemu haijulikani kama ni tamu mpaka uishike mkononi. Wakuu wanaweza kukaa miaka mitatu kisha waseme hii haichezeki, tuanze upya upande huu. Ni sawa na mtu wa Goba anayehamisha jiko baada ya kufunga lenta. Mafundi wanalipwa kujenga, wanalipwa kubomoa, wanalipwa kujenga tena, na nyumba inabaki ileile. Shawn Layden, aliyewahi kuwa kiongozi wa juu wa PlayStation, alisema gharama za gemu kubwa huongezeka maradufu kila kizazi kipya cha mashine. Hakuna tasnia inayoweza kuendelea na hesabu hiyo milele.

Mbona bei imefika dola 70, na nyingine 80? Mimi nachaji vijana kwa mechi, sitarudisha fedha hata Yesu akirudi. (Mwenye kibanda cha PS, Mbagala Rangi Tatu)

Hapa nitakushangaza. Kwa Mmarekani, gemu imekuwa rahisi. Bei ya dola 60 ilianza kuzoeleka mwaka 2005, enzi ya Xbox 360, mashine ya Microsoft, ikakaa palepale miaka 15. Mwaka 2020 ndipo dola 70 ikaingia, NBA 2K21 ikiwa miongoni mwa za kwanza. Ukiweka mfumuko wa bei wa Marekani, dola 60 za 2005 ni karibu dola 100 za leo. Ndiyo maana wachapishaji, yaani kampuni zinazogharamia na kuuza gemu, wanalia kwamba gharama zimepanda mara kadhaa huku bei imepanda kwa kumi tu. Nintendo ilithubutu dola 80 kwa Mario Kart World mwaka 2025. Microsoft nayo ikatangaza 80 kwa The Outer Worlds 2, wateja wakachachamaa, ikarudi 70.

Sasa geuza upande wetu. Mwaka 2005 dola moja ilikuwa kama shilingi 1,100, kwa hiyo gemu ya dola 60 ilikuwa shilingi 66,000. Leo tukihesabu dola kwa shilingi 2,500, gemu ya dola 70 ni shilingi 175,000. Mmarekani ameongezewa dola kumi na anaandamana mtandaoni. Wewe wa Rangi Tatu umeongezewa zaidi ya laki moja na hakuna aliyekuuliza. Bei hiyo haikupangwa ikikulenga wewe. Wengi wetu hata akaunti ya duka la PlayStation tunaifungua kwa nchi ya watu.

Kilichokuwa kinatuokoa ni diski. Diski moja inanunuliwa, inachezwa, inauzwa Kariakoo, inazunguka mikono mitano. Wachapishaji hawapati kitu kwenye huo mzunguko, nao wanajua. Tazama mashine zenyewe: PS5 Digital Edition haina mahali pa kuingiza diski, na PS5 Pro iliyotoka Novemba 2024 inauzwa bila kisoma diski, ukikitaka unakinunua pembeni. Ukienda kununua ya kibandani, usichanganywe na unafuu wa ile isiyo na diski. Kwa biashara yako itakutoa damu ndani ya miezi michache.

Kila mwaka mpira ni uleule, jezi tu zimebadilishwa. Na gemu nyingine ni za pili, za tatu, za saba. Wazungu wameishiwa mawazo? (Dereva bajaji, Tandika)

Mawazo wanayo. Wanaogopa.

Weka bajeti ya milioni 300 mezani. Gemu inauzwa dola 70, duka la mtandaoni linachukua asilimia 30 kwa kawaida, linabaki dola 49. Unatakiwa kuuza nakala zaidi ya milioni sita kwa bei kamili kurudisha tu ulichoweka, bila faida, bila matangazo. Spider-Man 2 iliuza zaidi ya milioni 10 na bado Sony, mwenye Insomniac, ilipunguza wafanyakazi takriban 900 Februari 2024, na studio hiyo nayo ikaguswa. Sasa wewe ndiye bosi. Kijana anakuja na wazo jipya ambalo hakuna aliyewahi kulicheza, mwingine anakuja na sehemu ya saba ya gemu iliyouza milioni 15. Utasaini karatasi ya nani?

Na hata ukifanya vizuri hauko salama. Studio ya Tango Gameworks ya Tokyo ilitoa Hi-Fi Rush mwaka 2023, gemu ndogo kiasi, yenye rangi na muziki, ikasifiwa kila kona. Mei 2024 Microsoft ikatangaza kuifunga. Krafton ya Korea Kusini ikaiokoa baadaye. Sifa hazikutosha kuilinda. Mimi habari hiyo iliniuma kuliko bei zote za dola 80.

Kuhusu mpira hasa: EA, kampuni ya Marekani inayotengeneza gemu hiyo, iliachana na jina la FIFA, na tangu 2023 gemu yao inaitwa EA Sports FC. eFootball, ambayo sisi bado tunaiita PES, ni ya bure tangu 2021. Fedha ya EA haitegemei sana nakala unayonunua. Inategemea pakiti za wachezaji za Ultimate Team, sehemu ya gemu ambako unajijengea timu yako. Katika mwaka wao wa fedha wa 2021, Ultimate Team peke yake iliwaingizia dola bilioni 1.62. Ukiwa na bomba kama hilo, utahangaika kubadilisha mchezo wenyewe? Septemba 2025 ikatangazwa kwamba EA inanunuliwa kwa dola bilioni 55 na kundi la wawekezaji lenye mfuko wa taifa wa Saudi Arabia ndani yake, na bilioni 20 katika hizo ni mkopo. Mkopo una riba. Mimi sitarajii pakiti zipungue.

Rafiki yangu ananiambia kuna gemu ya PlayStation iliyofutwa wiki mbili baada ya kutoka. Ni kweli au chumvi? (Kijana, Ukonga)

Ni kweli, hakuna chumvi. Concord ilitoka 23 Agosti 2024, ikazimwa 6 Septemba, na Sony ikawarudishia wanunuzi fedha zao. Oktoba ikaifunga studio iliyoitengeneza, Firewalk. Watu walikaa miaka mingi wakiifanya. Ilikuwa ya kupigana kwa timu mtandaoni, sokoni tayari kuna kadhaa za namna hiyo ambazo ni za bure, na yenyewe ikaja na bei ya dola 40.

Sony ilikuwa imepanga kutoa gemu 12 za namna hii, zile zinazoendelea kuongezwa vitu mwaka hadi mwaka, kufikia Machi 2026. Novemba 2023 ilishasema itabakiza sita. Kila kampuni ilitamani kuwa na Fortnite yake, ile gemu maarufu ya bure ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba mtoto ana jioni moja tu kwa siku, na jioni hiyo Fortnite imeshaikalia.

Shikamoo mwandishi? Sijui umri wako lakini naamkia tu. Mwanangu wa miaka kumi anacheza gemu ya bure kwenye simu yangu. Juzi nimekuta imekata elfu arobaini kwenye kadi ya mtandaoni niliyoiunganisha. Bure gani hii? (Mama wa watatu, Tabata)

Marahaba, mama, ingawa nadhani ni mimi niliyepaswa kukuamkia. Pole kwa elfu arobaini.

Gemu ya bure nayo ina mishahara ya watu. Genshin Impact, iliyotoka 2020 ikiwa ya bure, ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 100. Wachezaji wengi hawalipi chochote. Wachache wanalipa, na wachache sana kati ya hao wanalipa kupita kiasi. Gemu nzima hupangwa kuwatafuta hao: sarafu za rangi ambazo huwezi kujua haraka ni shilingi ngapi, ofa inayoisha baada ya dakika kumi, sanduku ambalo hujui lina nini mpaka ulifungue. Hilo la sanduku ni kamari, sizungushi maneno, na sisemi peke yangu: Ubelgiji iliamua hivyo mwaka 2018 kwa masanduku ya kulipia, na mwanzoni mwa 2019 EA ikaacha kuuza huko pointi za FIFA, zile za kununulia pakiti za wachezaji. Mtoto wako hajakosa adabu. Amekutana na watu wazima waliosomea kumshawishi.

Fanya hivi leo. Fungua Play Store, gusa picha yako juu, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya uthibitisho wa manunuzi, weka nywila au alama ya kidole idaiwe kwa kila ununuzi. Alama isiwe ya kidole cha mtoto, maana nimeshaona. Kisha ondoa ile kadi. Ukihitaji kununua kitu, iunganishe, nunua, iondoe tena. Kuhusu zilizokatwa, omba kurejeshewa kupitia Google Play mapema iwezekanavyo, ueleze kwamba ni mtoto aliyenunua bila ruhusa. Siku zikipita, nafasi ya kurudishiwa hupungua.

Tupo watatu, tumemaliza chuo. Tunataka kutengeneza gemu ya daladala: Dar nzima, Mbezi hadi Gongo la Mboto, mvua, foleni, trafiki, kila kitu. Tunahitaji bajeti gani, na mwekezaji tutampata wapi? (Vijana wa Mwenge)

"Dar nzima" ndilo tatizo lenu la kwanza, la pili na la tatu. Nimetoka kueleza hapo juu daladala moja inavyokula watu. Ninyi mnataka mji wenye watu milioni kadhaa, kwa mikono sita. Mtafika Ubungo mmechakaa.

Ningekuwa mimi, nisingemweka mchezaji kwenye usukani kabisa. Ningemfanya konda. Mchezo wote unakuwa ndani ya gari moja: nani amelipa, nani anajifanya amelala, yupi alitoa elfu kumi na anadai chenji, mama gani alisema anashuka kituo kijacho nawe ukapitiliza. Mji unapita dirishani kama mchoro bapa. Nyuso ishirini, sauti ishirini, ruti moja. Sehemu ngumu ni matusi na ucheshi, na hivyo mnavyo bure. Studio ya California yenye watu 300 haiwezi kuviandika hata ikipewa miaka kumi.

Hesabu ni ileile ya watu mara miezi. Tuseme kila mmoja wenu anaishi kwa shilingi 800,000 kwa mwezi. Watatu ni milioni 2.4, mwaka mzima milioni 28.8. Kwa dola ni kama 11,500, kidogo zaidi ya gharama ya Mmarekani mmoja kwa mwezi mmoja. Huo ndio mtaji wenu mkubwa kuliko mwekezaji yeyote: mnaweza kukosea kwa bei rahisi. Anzeni na miezi mitatu, mtoe kitu kinachochezeka kwa dakika tano, mkipeleke stendi ya Mwenge mkawape makonda wenyewe. Wasipocheka, msiendelee.

Vifaa si kikwazo tena. Godot ni injini ya bure, yaani programu ya kujengea gemu, haidai asilimia yoyote. Blender ya kuchongea vitu ni bure. Unreal, injini nyingine, inachukua asilimia 5 baada ya gemu kupita dola milioni moja ya mapato. Ombeni Mungu mfike kwenye tatizo hilo. Unity, injini ya tatu, someni masharti yake kwa makini: Septemba 2023 ilitangaza tozo kwa kila mtu anayepakua gemu, watengenezaji wa dunia nzima wakawaka, na baada ya mwaka mmoja ikaifuta. Imefutwa, sawa, lakini mliona mwenye nyumba anavyoweza kupandisha kodi mkiwa mmeshahamia.

Kusajili akaunti ya Google Play ni dola 25 mara moja. Akaunti mpya ya mtu binafsi inatakiwa kwanza iwe na wajaribuji 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kutoka hadharani, kwa hiyo ndugu na majirani wawe tayari. Google inachukua asilimia 15 ya dola milioni moja ya kwanza kila mwaka. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ni dola 100 kwa kila gemu na asilimia 30 ya mauzo. Kabla ya yote hayo, hakikisheni fedha ikiingia itawafikia kwa njia gani, benki ipi, jina la nani. Nimewaona marafiki waliogombana kwa hilo kabla hata ya senti ya kwanza kuingia. Gemu yenyewe ijaribuni kwenye simu za kawaida za Tecno na Itel zilizojaa picha za harusi. Ikizidi ukubwa, mtu hatakubali imalize bando lake. Na mkitaka singeli ndani, mwendeeni aliyeitengeneza, mwandikishane, na kazi yenu isajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Mtaniuliza mifano. Stardew Valley ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, kwa zaidi ya miaka minne. Ilitoka 2016 na imeuza zaidi ya nakala milioni 40. Balatro ya 2024, gemu ya karata, nayo ni ya mtu mmoja. Clair Obscur: Expedition 33, ya kikundi cha watu kama 30 kule Montpellier, Ufaransa, iliuza milioni moja ndani ya siku tatu mwaka 2025, kwa bei ya dola 50, kisha ikatwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka. Watu wengi wanaisimulia kama hadithi ya Daudi na Goliathi. Waambieni wasome orodha ya majina mwishoni: kuna wahuishaji wa nje, wajaribuji, watafsiri, wanamuziki. Kikundi kidogo kilikuwa na akili ya kuajiri kwa muda kile ambacho hakikuhitaji kukimiliki. Na upande mwingine wa shilingi: mwaka 2024 peke yake Steam ilipokea gemu zaidi ya 18,000. Nyingi hatutazisikia kamwe.

Kuhusu mwekezaji, sitaki kuwadanganya. Afrika wapo waliotangulia: Kiro'o Games ya Kamerun walichangisha kwa watu mtandaoni na wakatoa Aurion mwaka 2016, Maliyo ya Lagos imejikita kwenye simu, Nyamakop ya Afrika Kusini ilifikisha Semblance kwenye Nintendo Switch mwaka 2018. Lakini hapa kwetu fedha niliyoona ikitoka kwa uhakika zaidi ni ya elimu. Mnakumbuka shindano la Global Learning XPRIZE? Watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 vya Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kujifunza kusoma na kuhesabu, zilizotengenezwa kama michezo. Mwaka 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana dola milioni 10. Lugha ilikuwa yetu, watoto walikuwa wetu, na hundi zilikwenda kwa wenye studio za nje. Ubongo, wa hapahapa Dar, wameshaonyesha tangu 2014 kwamba katuni ya Kiswahili yenye hesabu ndani inaweza kuvuka mipaka. Gemu ya konda inayomfundisha mtoto kutoa chenji siyo wazo baya hata kidogo, na hiyo nawapa bure.

Wanafukuzwa kazi kwa maelfu huko Ulaya na Marekani kwa sababu ya gharama. Kwa nini kazi hizo zisije kwetu tulio nafuu? (Mhitimu, Kimara)

Zinahama kweli, ila zinahamia kwenye foleni iliyokwishapangwa. Microsoft ilipunguza watu 1,900 Januari 2024, miezi mitatu tu baada ya kuilipia Activision Blizzard dola bilioni 68.7. Kazi za kuchonga vitu, kujaribu na kutafsiri zinakwenda India, Malaysia, China, Ufilipino, kwenye studio zenye mamia ya watu waliofanya kazi hiyo miaka kumi na zaidi. Mteja anatafuta anayejua kupokea maelekezo Jumatatu na kurudisha kazi Ijumaa bila kuulizwa mara mbili. Unafuu peke yake Dar tunao, na haujatuletea kitu.

Ukitaka kujaribu mlango huo, chagua jambo moja dogo. Usiandike "natengeneza gemu". Onyesha magari kumi uliyochonga kwa Blender, yawe safi kiasi kwamba mtu ayaingize kwenye gemu yake kesho.

Akili mnemba si itamaliza tatizo la gharama? (Msomaji, Kigamboni)

Itapunguza baadhi ya kazi, na wanaoumia wa kwanza ni wale wa chini. Waigizaji wa sauti wa Marekani waligoma kuanzia Julai 2024, karibu mwaka mzima, jambo kuu likiwa hilohilo. Kuhusu gharama, kila chombo kilichorahisisha kazi hadi sasa kimetumika kutengeneza gemu kubwa zaidi, kwa hiyo sijaona sababu ya kuamini bajeti zitashuka.

Kuna duka limeniambia nilipe advansi ya GTA 6 ili nisikose. Nina PS4. Nilipe? Na kuna jamaa kanitumia GTA 6 ya simu, ni MB 300 tu. (Kijana, Buguruni)

Usilipe, na hicho ulichotumiwa kifute sasa hivi kabla hakijachukua namba zako za siri. Hakuna GTA 6 ya simu.

Rockstar, watengenezaji wake, wameshaahirisha mara mbili: ilikuwa 2025, ikawa 26 Mei 2026, kisha ikasogezwa 19 Novemba 2026. Usiwacheke sana. GTA V iliingiza zaidi ya dola bilioni moja kwa siku tatu mwaka 2013 na imeshapita nakala milioni 200, kwa hiyo wao ni miongoni mwa wachache duniani ambao kuchelewa mwaka mzima, na watu wote hao wakilipwa, bado kuna nafuu kuliko kutoa kitu kibovu. Mashine zilizotangazwa ni PS5 na Xbox Series X na S. PS4 haimo. Kwa hiyo advansi yako, kama unayo, iweke pembeni ya kuongezea mashine, na ukifika dukani ukumbuke nilichomwambia yule wa Rangi Tatu kuhusu diski.